Kutoka saa 12 hadi saa 7: shajara ya sandwichi za kubeba

Siku ya 1

Jana mchana nilifungua kopo langu la chakula nikakuta sandwichi imegeuka uji. Asubuhi saa 12 ilikuwa mkate mzuri, jibini na nyanya. Niliifunga, nikaibana, nikajiona mtu mwenye mipango yake. Saa 7 slesi ya chini ilininata vidoleni, na nusu ya nyanya ikadondokea kwenye karatasi za kazi. Niliimalizia kwa kijiko. Mtu mzima, sandwichi, kijiko.

Kwa hiyo leo naanza mradi. Kwa muda wa mwezi mmoja nitatengeneza sandwichi za aina mbalimbali nyumbani na kuandika hapa kilichozipata. Sharti ni moja tu: inatengenezwa saa 12 asubuhi, inafunguliwa saa 7 mchana. Ni saa saba za kungoja, na saa saba ndiyo saa yenyewe ya kula; saa ya Kiswahili imenirahisishia hesabu. Alama ni kuanzia 0 hadi 5, nazo ni za mkate peke yake. Ladha ikipungua, chumvi ipo. Mkate uliolowa hauna dawa.

Ya jana nimeipa 0.

Jioni nilikumbuka kisa cha jina lenyewe. John Montagu, mwungwana wa Kiingereza mwenye cheo cha Earl wa nne wa Sandwich, inasimuliwa kwamba aliagiza nyama katikati ya vipande viwili vya mkate ili asiinuke kwenye meza ya kamari. Ikiwa ndivyo, basi aliila papo hapo. Tatizo langu hakulijua kabisa. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba mwanahistoria Edward Gibbon aliliandika neno hilo katika shajara yake mwezi Novemba 1762, alipowaona waungwana wa London wakipata mlo wa usiku. Sandwichi ina historia ndefu ya kuandikwa kwenye shajara. Naendeleza.

Siku ya 2

Nimerudi palepale kwenye nyanya, maana adui humfuati kwa kuzunguka. Nimetengeneza sandwichi tatu ndogo: ya kwanza mkate mkavu na nyanya, ya pili siagi upande wa chini tu, ya tatu siagi pande zote mbili.

Saa 7: ya kwanza 0. Ya pili, chini pazuri, juu pamelowa, 2. Ya tatu 4.

Sababu haina siri. Siagi ni mafuta kwa takriban asilimia 80, na mafuta na maji havipatani. Ukiipaka vizuri inakuwa kama rangi juu ya ukuta: maji ya nyanya yanafika pale yanakwama. Lakini kuna masharti mawili niliyoyagundua kwa kuharibu mkate. Kwanza, siagi iwe imelainika yenyewe nje ya friji. Ukiilazimisha ikiwa ngumu inauchana mkate, na palipochanika ndipo maji yanapopitia. Pili, ifike ukingoni. Mimi nilikuwa mtu wa kupaka katikati na kuacha pembe zote nne uchi, na nikiangalia leo, ya pili na ya tatu zote zilianza kulowa pembeni.

Kwa miaka yote hiyo nilidhani siagi kwenye sandwichi ni ya ladha.

Siku ya 3

Leo nimeshughulikia upande wa pili wa ugomvi, nyanya yenyewe. Nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na maji mengi ya kumwagika yako kwenye ule utelezi wa mbegu. Nimekata slesi, nikatoa mbegu kwa kidole, nikanyunyizia chumvi kidogo na kuzipanga juu ya karatasi ya jikoni kwa dakika 15. Karatasi ililowa chapachapa. Maji yote yale jana yalikuwa yakienda kwenye mkate wangu.

Chumvi inavuta maji nje, halafu inabaki kwenye nyanya kama kiungo. Kwa hiyo usiongeze nyingine baadaye. Mimi niliongeza. Alama ya mkate 5, alama ya ladha tusiizungumze.

Siku ya 5

(Jana sikutengeneza kitu. Nilichelewa kuamka.)

Matango. Hii ni sandwichi ya Waingereza ya chai ya alasiri, mkate mweupe uliokatwa ganda, siagi, na tango jembamba kama karatasi. Nilikuwa nikiidharau. Chakula gani hicho, maji kati ya mikate miwili? Kumbe ndiyo iliyokwisha kulitatua tatizo langu zamani: tango linakatwa jembamba, linawekwa chumvi, linachujwa, linakaushwa, na siagi inapakwa kila mahali. Hatua zote nilizojisifia juzi na majuzi zimo humo. Nilidhani nimegundua, kumbe nimefika nimechelewa.

Alama 4. Moja nimeikata kwa sababu nilikaza kitambaa kupita kiasi na tango likawa kama mpira.

Siku ya 6

Mayai. Nina mengi ya kusema kuhusu mayai.

Nilichemsha sita, na manne yalitoka kama yametafunwa na panya. Ganda liling'ang'ania ute, kila nikivuta linatoka na kipande. Mayai yalikuwa mabichi ya juzi tu, na hapo ndipo kosa lilipo. Yai jipya ute wake haujawa na ualikali (kinyume cha uasidi) mwingi, na unashikamana na ule utando wa ndani ya ganda. Yai likikaa siku kadhaa, hewa ya kaboni dioksaidi inatoka polepole kupitia vitundu vya ganda, ute unazidi kuwa alikali, na kumenya kunakuwa rahisi. Kwa hiyo kwa sandwichi nataka yai lililokaa wiki moja au zaidi kwenye friji, si la leo. Jambo jingine linalosaidia ni kuliweka yai kwenye maji yanayochemka tayari badala ya kuanza nayo baridi, na likiiva kulitumbukiza mara moja kwenye maji ya barafu.

Maji ya barafu yana kazi ya pili. Ile pete ya kijani inayozunguka kiini inatokea yai likipikwa mno: salfa ya kwenye ute inakutana na madini ya chuma ya kwenye kiini. Haina madhara, ila inaudhi macho na ina harufu. Dakika 10 kwenye maji yanayotokota, kisha barafu, na kiini kinabaki cha manjano.

Niliyaponda kwa uma, si kwa kisu, nikachanganya na mayonezi, haradali kidogo, chumvi na pilipili manga. Mayonezi iwe kidogo kuliko unavyodhani. Mchanganyiko uwe unashikana ukiubonyeza, usiwe unamiminika.

Halafu, nikiwa mlangoni na kopo mkononi, nikasimama. Mayai na mayonezi, saa saba, bila ubaridi? Kanuni ya usalama wa chakula inayofundishwa sehemu nyingi ni kwamba chakula kinachoharibika haraka kisikae nje ya friji zaidi ya saa 2, na kukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 32 muda huo ni saa 1 tu. Sharti langu la Siku ya 1 nililitunga nikiwaza mkate nikasahau tumbo.

Nimerekebisha. Kuanzia leo chochote chenye yai, nyama, samaki au mayonezi kinasafiri kwenye mfuko wa kuhifadhi baridi pamoja na chupa ndogo ya maji iliyogandishwa usiku, na nikifika kinaingia friji ya kazini. Chupa inayeyuka polepole, na mchana nakuwa na maji baridi ya kunywa. Kwa hili najipongeza bila haya.

Alama ya mkate: 4.

Siku ya 8

Jumamosi. Nimejaribu mayonezi ya nyumbani.

Kiini kimoja, kijiko cha chai cha haradali, siki kidogo, chumvi. Mafuta yanatiwa tone kwa tone huku unapiga. Nilianza kwa nidhamu. Dakika ya tatu mkono ukachoka, nikamimina. Ikakatika: mafuta huku, maji kule, kitu cha kusikitisha chenye vijivimbe.

Binti yangu alikuwa amekaa juu ya kiti anatazama.

"Mama, sasa unatupa?"

"Situpi, mwanangu. Lete yai lingine."

Nilichukua kiini kipya kwenye bakuli safi, nikaanza kukipiga huku nikitia ile iliyokatika kijiko kimoja kimoja, kana kwamba ndiyo mafuta yenyewe. Ikarudi. Ndani ya kiini kuna lesithini, ambayo upande mmoja inashika mafuta na upande mwingine inashika maji, ndiyo inayoyazuia matone madogo ya mafuta yasiungane tena. Ukiharakisha, matone yanakuwa makubwa na mengi kabla lesithini haijayafikia.

Ladha yake iliipita ya kopo kwa mbali. Lakini ni yai bichi, na yai bichi linaweza kubeba salmonela. Tuliila mimi na mwenzangu jioni ileile juu ya viazi. Kwenye sandwichi za kubeba, na kwa mtoto, nabaki na ya dukani, ambayo mayai yake yametibiwa kwa joto. Siwezi kuandika aya nzima ya barafu keshokutwa yake nikabeba yai bichi.

Siku ya 10

Samaki wa kopo, jodari. Somo la leo ni moja: kamua. Ukifungua kopo na kumwaga maji tu, nusu ya maji inabaki kati ya nyuzi za samaki. Weka kwenye chujio, bonyeza kwa mgongo wa kijiko, utashangaa. Kitunguu nilikikata chembamba nikakiloweka kwenye maji baridi dakika 10 ili ukali upungue, kisha nikakikausha. Majirani wa meza yangu kazini wananishukuru.

Alama 4. Chini ya mchanganyiko niliweka jani la saladi, likawa ukuta wa pili nyuma ya siagi. Jani lenyewe lazima liwe kavu kabisa. Jani lenye matone ya maji ni kama mlinzi anayefungulia wezi mlango.

Siku ya 11

Leo ni kesi ya mkate, na mshtakiwa ni mimi.

Tangu mradi uanze nimekuwa nikiuweka mkate kwenye friji ili usiote ukungu. Ukungu haukuota. Lakini kila asubuhi mkate ulikuwa mkavu, unapukutika, siagi inauchana, na mimi naulaumu mkate. Kumbe ubaridi wa friji ndio unaouchakaza haraka zaidi.

Kuchakaa kwa mkate si kukauka tu. Ukiufunga vizuri kiasi kwamba hakuna tone la maji linalotoka, bado utachakaa. Wanga uliovimba na kulainika wakati wa kuokwa unaanza kujipanga upya ukipoa, chembe zinashikana na kuwa ngumu, na kazi hiyo inakwenda mbio katika ubaridi wa friji kuliko kwenye joto la kawaida la chumba. Kwenye friza, kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, inasimama karibu kabisa. Kwa hiyo mkate una mahali pawili: kabatini kwa siku mbili tatu, au kwenye friza. Katikati hapafai.

Nimeukata mkate wote slesi, nikaugandisha ukiwa umefungwa mbili mbili. Halafu nikajaribu jambo: nimetengeneza sandwichi ya jibini asubuhi kwa slesi zilizoganda. Siagi inapakika bila kuchana chochote kwa sababu mkate ni mgumu kama ubao (na ndiyo, siagi inaganda ukizubaa, uwe mwepesi). Kufikia saa 7 mkate ulikuwa umeyeyuka na laini kama wa asubuhi ya kuokwa.

Alama 5. Hii ndiyo siku iliyobadilisha asubuhi zangu.

Kuhusu slesi: mkate unaouzwa umekatwa tayari ni mtoto wa karne ya 20. Mashine ya Otto Rohwedder ilianza kukata mkate wa kuuzwa tarehe 7 Julai 1928 katika mji wa Chillicothe, Missouri, Marekani. Ina usawa ambao mkono wangu hauna. Kwa sandwichi za maji maji, hata hivyo, napendelea kukata mwenyewe kwa kisu chenye meno, slesi nene kidogo. Slesi nyembamba inalowa hadi upande wa pili kabla hujaketi.

Siku ya 15

Wikendi, kwa hiyo hakuna kubeba. Sandwichi ya jibini ya kukaangwa.

Ya kwanza: moto mkali, nje nyeusi, ndani jibini limekaa vilevile kama lilivyotoka kwenye friji. Ya pili: moto mdogo, kikaango kimefunikwa dakika mbili za mwanzo ili joto libaki ndani, kisha kifuniko kikatolewa ili ganda likauke na kuwa na mlio. Nzuri sana. Ya tatu nilipaka mayonezi nje badala ya siagi, kwa kuwa niliwahi kusikia watu wakiisifu. Wana hoja. Siagi ina chembe za maziwa zinazoungua mapema, lakini mayonezi sehemu kubwa ni mafuta ya mimea, inavumilia, na inapakika hata ikiwa baridi, kwa hiyo rangi inatoka sawasawa hadi ukingoni. Harufu ya siagi, lakini, haipo. Nimeishia kupaka mayonezi nje na kutupia kipande kidogo cha siagi kikaangoni mwishoni. Mwenzangu anasema ni uchoyo wa kukataa kuchagua.

Rangi ile ya kahawia ni mmenyuko uliopewa jina la Louis-Camille Maillard, Mfaransa aliyeueleza mwaka 1912: protini na sukari zikikutana kwenye joto zinatoa rangi na harufu ambazo hazikuwapo. Unakwenda kwa kasi kuanzia takriban nyuzi 140, na maji yakiwapo uso hauwezi kuzidi nyuzi 100. Ndiyo maana mkate uliolowa hauwi kahawia, unatokota tu.

Jibini nalo si lolote tu. Nilijaribu lile gumu lililokomaa nikitaka ladha kali, likatoa mafuta pembeni na kubaki chembechembe. Jibini changa lina maji zaidi na linayeyuka kwa utulivu. Jibini la kusindikwa linayeyuka kuliko yote kwa sababu limetiwa chumvi maalumu zinazoshikanisha mafuta na protini. Dawa yangu: robo tatu jibini changa, robo lile kali, yote yamekunwa kwenye kikunio badala ya kukatwa vipande.

Baada ya hapo nilijipa ujasiri nikafanya ya Kifaransa, croque-monsieur, yenye nyama baridi, jibini na sosi nyeupe ya maziwa na unga juu, ikimalizikia kwenye oveni. Ukiweka yai la kukaanga juu yake inageuka croque-madame. Ni chakula cha uma na kisu, na sufuria tatu za kuosha. Nimeridhika, sirudii karibuni.

Siku ya 17

Anguko. Nilitaka kubeba sandwichi ya ghorofa, ile ya slesi tatu iliyokaushwa kwa moto, yenye kuku, yai, nyanya na jani, na vijiti vya kuishikilia. Niliikausha mikate, nikaipanga ingali moto, nikaifunga kwenye foili haraka kwa sababu nilikuwa nimechelewa.

Saa 7: ngozi. Mkate ulikuwa ngozi ya kiatu. Mvuke wa mkate wa moto ulikosa pa kwenda, ukarudi ndani ya mkate. Kwa jinsi ulivyokaushwa niliutegemea uwe ngao, kumbe nimeufungia na jasho lake. Na kuku alikaa kwenye uvuguvugu asubuhi nzima, kwa hiyo sikumla kabisa. Nilimwaga. Alama 0, na njaa hadi jioni.

Kwa kumbukumbu: mkate wa kukaushwa upozwe juu ya wavu, si juu ya sahani, kwa maana kwenye sahani mvuke unakusanyika chini ya mkate. Na ghorofa ni ya nyumbani.

Siku ya 19

Bánh mì. Kwa Kivietnamu neno hilo ni mkate tu, na mkate wenyewe ulifika Vietnam na Wafaransa wakati wa ukoloni, Wavietnamu wakaufanya wao. Nje unavunjika, ndani mwepesi. Ndani yake kuna nyama, mboga za siki, giligilani, tango, pilipili.

Nilichojifunza hapa ni kutoa. Nilipasua mkate kwa urefu nikang'oa sehemu ya ndani laini, nikabaki na ganda na ukuta mwembamba. Mwanzoni niliona dhambi kutoa mkate kwenye mkate. Lakini ile sehemu laini ndiyo sifongo, na ikitoka kuna nafasi ya vitu vingine. Nilichong'oa nikakikausha kwa ajili ya chenga za kukaangia.

Karoti niliikata njiti, nikaiweka kwenye siki, sukari na chumvi usiku kucha, asubuhi nikaikamua. Hata hivyo ganda la mkate huu halikubali kufungwa saa saba, linalegea tu. Nikaamua kubeba vipande: mkate kwenye mfuko wa karatasi, vya ndani kwenye kopo lenye ubaridi, na kujenga mezani. Wenzangu walinicheka mpaka walipoisikia ikivunjika.

Alama 5, kwa udanganyifu kidogo wa sharti.

Siku ya 22

Kuku wa jana na parachichi. Parachichi likageuka kahawia hata baada ya ndimu, kwa sababu nilinyunyiza juu badala ya kuchanganya. Asidi inakizuia kimeng'enya kinacholibadilisha rangi pale tu inapokigusa. Alama 3. Nimechoka kidogo na mradi huu.

Siku ya 23

Binti yangu aliomba nimwachie meza. Akapaka siagi ya karanga kwenye slesi ya kwanza. Akapaka siagi ya karanga kwenye slesi ya pili pia. Akaweka jemu katikati.

"Kwa nini pande zote mbili?" nikamuuliza.

"Mama, jemu ikigusa mkate inaingia."

Alama 5, na bila barafu. Wiki tatu nimekuwa nikisoma kuhusu wanga na lesithini, na jibu lilikuwa linaishi nami nyumba moja.

Siku ya 26

Nimetengeneza jana usiku, si leo asubuhi, kwa sababu hii inadai hivyo. Pan bagnat, ya Nice, kusini mwa Ufaransa. Jina lake ni mkate ulioogeshwa.

Kwa siku 25 nimekuwa nikizuia maji. Hapa unayakaribisha. Mkate wa duara wenye ganda gumu unapasuliwa katikati, unamwagiwa mafuta ya zeituni na siki kidogo, halafu nyanya (bila kuchujwa! nilisita kisu mkononi), jodari, yai la kuchemsha, zeituni, kitunguu, pilipili hoho mbichi, majani ya basili. Mayonezi haimo. Unaufunga, unauweka kitu kizito juu, unausahau. Mimi niliuweka chini ya sufuria yenye maji ndani ya friji.

Friji, baada ya yote niliyoandika Siku ya 11. Lakini huku mkate hautegemewi kubaki kama ulivyookwa. Unakunywa mafuta na maji ya nyanya usiku kucha, na kwa kuwa mkate ni mgumu una pa kuyaweka. Slesi laini isingefika hata alfajiri. Mkate uleule mgumu ambao ningeulaumu kwenye sandwichi ya tango ndio unaofaa hapa.

Asubuhi nilikata robo nne. Ilikuwa imebanana kiasi kwamba kila robo ilionyesha tabaka zake bila kitu kuchomoka. Robo mbili zikaingia mfuko wa ubaridi na chupa yangu ya barafu.

Saa 7 niliifungua. Mkate ulikuwa umelowa kutoka ndani hadi karibu na ganda, mzito, unang'aa mafuta, na ganda lenyewe bado limesimama. Nikashika daftari niandike alama. Nilikaa nalo muda. Kipimo changu kinahesabu ukavu, na hapa ukavu ungekuwa kushindwa. Nimeacha nafasi hiyo wazi.

Robo ya pili nilimpa mwenzangu wa meza ya jirani, yule aliyecheka kuhusu bánh mì. Alikula akiwa ameinamia karatasi za kazi, mafuta yakamdondokea kwenye moja, akaipangusa kwa kiganja na kuendelea.

Siku ya 27

Mkate mwingine wa duara umekwishanunuliwa. Safari hii nautoboa ganda kidogo kwa ndani kabla ya kumimina mafuta, nione kama yatafika mbali zaidi. Mayai ni ya wiki iliyopita. Sufuria ya kukandamizia binti yangu ameijaza yeye, hadi juu kabisa, nami natafuta namna ya kuinyanyua bila kuimwaga ndani ya friji.